Mgongo wa Baba Mdogo Ipyana

Miguu ilinigomea hatua tano tu kabla ya geti!

Nina gauni la wodini, kitenge juu, na kule ndani jina langu ni la pili kwenye orodha ya upasuaji. Nilikuwa natoroka jamani...

"Dada Nesta, jikaze!" Mdogo wangu Aliko akanibeba mpaka kwenye gari, Noah ya kukodi.

Wapendwa, msinicheke. Wiki mbili nyuma nilidondoka na gunia la mahindi pale mpakani Tunduma. Pingili ya mgongo ikahama. Dokta Andongwisye, bingwa wa upasuaji wa uti wa mgongo, aliniambia bila kupepesa macho:

"Mama, pingili inabana neva. Nikikupasua leo, una nafasi kubwa ya kutembea. Ukichelewa, sikuahidi kitu."

Shida ni kwamba kwetu Ihanda kuna baba mdogo Ipyana. Mwaka wa tisa huu yuko kwenye kiti cha magurudumu. Kila mtu anajua alikwenda kupasuliwa mgongo, akarudi hivyo.

"Kamuulize Ipyana kisu kilimfanya nini!" Ndiyo stori ya kijiji kizima.

Ila nani amuulize? Huwezi kumwambia baba yako mdogo akuonyeshe mgongo. Ni utovu wa adabu.

Nyumbani walinipokea kwa shangwe, shangazi akipiga vigelegele. Mguu wa kushoto siusikii kabisa!

Baba mdogo akasukumwa mpaka sebuleni. Akaangalia nilivyoukokota ule mguu... akaanza kulia.

"Wangu ulianza hivyo hivyo."

"Baada ya kupasuliwa, baba?"

Akajifuta machozi.

Akavua shati. Akainama mbele.

Mungu wangu! Hakuna kovu, hakuna alama ya mshono, hakuna chochote!

"Nilitoroka, mwanangu. Kama wewe. Miguu ilipokufa watu wakasema ni kisu. Niliona aibu... nikawaacha waseme."

Nilimchukia dakika ile, siwafichi. Miaka tisa! Halafu hofu ikanirudia mara mbili, maana saa zilikuwa zinakwenda na ganzi imeshafika hadi goti la kulia.

"Aliko, washa gari! Washa gariii!"

Dokta hakunigombeza. "Tumepoteza saa sita," akasema, akaenda kunawa mikono.

Nilipozinduka niliogopa hata kujaribu.

"Nesta, chezesha kidole gumba cha mguu," dokta akasema.

Nikafumba macho. Nikajaribu...

"Kimecheza!" Aliko akapiga ukelele hadi nesi akamtoa nje.

Leo natembea, japo magunia nimeacha. Ndugu zangu, stori ya mtu isikutishe kabla hujamuuliza mwenyewe, hata kama ni mkubwa wako. Haya yangu na aibu yake nusura zinikalishe kwenye kiti kama chake.

Na baba mdogo? Siku hizi akisikia mtu Ihanda ameandikiwa upasuaji wa mgongo, anataka asukumwe mpaka kwake. Anavua shati kwanza, salamu baadaye.