Ujumbe Uliofutwa Jumatatu

Jumanne, saa kumi na dakika tano alasiri, Emerance alikata simu akaketi juu ya bunda lake la vitenge katika soko la Kamembe, upande wa Rwanda. Muuguzi wa Bukavu alikuwa amemwambia mambo mawili. La kwanza, zamu ya mama yake kupasuliwa uvimbe wa shingoni imefika, na walimwandikia tangu Jumatatu asubuhi. La pili, kama mgonjwa hatakuwa amefika kesho saa sita mchana, kitanda atapewa mwingine, na daktari mgeni anaondoka Alhamisi.

Ujumbe huo Emerance hakuuona. Tangu Jumapili laini yake ya Kongo ilikuwa imefurika matangazo: bahati nasibu, mistari ya Biblia, matokeo ya mpira, ushauri wa mapenzi, tena kwa mwanamke wa miaka arobaini na sita aliyekwisha kuchoka na mapenzi. Jumatatu mchana yalipita mia tatu. Alishikwa na hasira akayafuta yote kwa mpigo mmoja, na ujumbe wa hospitali ukaenda pamoja na takataka.

Matangazo ya namna hiyo hayaji bure. Lazima mtu ajiandikishe, atume neno kutoka kwenye laini yenyewe. Kwa hiyo kuna mtu aliyeshika simu yake.

"Kuko muntu anatufwata," alimwambia jirani yake wa kibanda. "Siwezi kupeleka mama ku kisu na adui simujue. Atatumaliza kule kule."

Jirani huyo, Mukamurenzi, mjane wa miaka sitini na tisa, aliuza nyuzi na vifungo. Kabla ya kurudi Rwanda alifanya kazi miaka kumi na minane katika ofisi ya simu Bukavu, akiunganisha watu kwa nyaya. Mpaka leo huuliza saa kabla ya kuuliza hali.

"Lete telefone," alisema.

Matangazo mengine kumi na moja yalikuwa yameshaingia. Yote yalitoka Kinshasa, na kila moja lilimalizikia kwa saa ya kujiandikisha. La kwanza: Jumapili, 09:14. La mwisho: Jumapili, 09:52.

"Jumapili saa tatu na robo, telefone ilikuwa wapi?"

"Kanisani. Mu panier ya Osée."

Mukamurenzi alilijua kapu hilo. Kwaya ya Emerance haiimbi na simu mfukoni. Saa mbili kila mwimbaji huweka simu yake kapuni, na Osée, mlinzi wa mlango wa kanisa, huzirudisha saa nne ibada ikiisha.

Saa kumi na moja kasoro robo walimkuta Osée akifagia kati ya mabenchi.

"Ni weye!" Emerance alimrukia. "Nani alikutuma?"

"Mi, Maman? Ile panier ilikuwa mbele ya pastere. Bantu bote baliiona."

"Leo leo pastere atakufukuza!"

Osée aliachia ufagio. Ana watoto wanne na kazi ni hiyo moja.

"Maman Emerance, telefone yako uliizima weye mwenyewe mbele yangu. Na code yako mi sijue."

"Code nani anaijua?" Mukamurenzi aliuliza.

"Mama. Na mutoto yangu Bella." Emerance alishtuka kusikia jina la binti yake. "Hapana! Bella alikuwa anaimba pembeni yangu. Kisha alibakia ku répétition ya kwaya mpaka saa sita."

Simu iliyozimwa haitumi neno. Mukamurenzi aliketi kwenye benchi, akazitazama tena zile saa. Ghafla akajipiga paja.

"Nimekuwa mujinga! Miaka kumi na munane niliambiaka bantu: ngojea kwanza, Kinshasa bado habajafungua biro. Kule iko nyuma yetu saa moja. Hii ni saa ya Kinshasa. Kwao saa tatu na robo, kwetu saa nne na robo! Saa nne na robo telefone ilikuwa wapi?"

Emerance aliichukua simu yake.

"Nyumbani. Niliiweka ku courant ichaji, nikaenda kuteka maji. Kulikuwa foleni murefu. Mama alibakia peke yake."

Nyumbani walimkuta mama yake, Nyirahabimana, ambaye wote humwita Koko, yaani bibi, mahali pake pa kila siku, kando ya redio, kitambaa kimefunika shingo. Kituo cha Bukavu kilikuwa kwenye matangazo ya biashara. Mukamurenzi aliinua kidole wanyamaze. Mtangazaji alisema neno la kutuma na namba yake: bahati nasibu. Kisha mistari ya Biblia. Kisha mpira. Kisha mapenzi. Mpangilio ulikuwa uleule wa kwenye simu.

"Koko," Mukamurenzi alisema polepole, "hizi namba unazijua kwa kichwa?"

Bibi alizima redio.

"Zote," alijibu. "Bella alinifundishaka kutuma meseji. Muguzi alisema bataandika Jumatatu. Nilitaka iyo meseji ipotee mu zingine."

"Mama! Kwa nini?"

"Dada yangu Teta aliingia kupasuliwa akiwa anaimba. Shiye tulikuwa huku nyumbani. Tuliletewa karatasi tu: amekufa. Mi siogope kisu, Emerance. Naogopa weye kusoma kifo yangu mu telefone, katikati ya soko, peke yako."

Emerance alilia kwa sauti. Alikuwa amemtafuta adui mbali.

"Sitasoma kitu," alisema alipoweza. "Nitakaa ku mulango. Banipashe kwa kinywa."

Koko alikaza kitambaa cha shingoni. "Basi twende," alisema.

Jumatano saa kumi na mbili na nusu asubuhi walipitia kanisani, Emerance akapiga magoti mbele ya Osée bila kujali waliokuwa wanapita. Saa mbili na dakika kumi walivuka daraja la Rusizi kuingia Bukavu. Saa saba Koko aliingizwa chumba cha upasuaji. Emerance alizima simu, akasimama mbele ya mlango. Alikataa kiti. Saa nane ikapita. Saa tisa ikapita.

Saa kumi kasoro dakika nane mlango ulifunguka, muuguzi akatoa kichwa.

"Emerance ni nani?"

Aliinua mkono.

"Mama yako ameamuka," muuguzi alisema. "Anauliza kama umekula."