Kura Tatu za Nyumba ya Bachir

Bachir alikuwa mchukuzi wa mizigo huko Namoto, pale mto Ruvuma unapoingia baharini. Kila asubuhi alishuka mtoni na kamba begani. Wafanyabiashara wadogo walivuka kwenda Tanzania na samaki wakavu. Walirudi na sabuni, unga na ndoo za plastiki. Bachir aliishusha mizigo yao kutoka mashuani, akaipanga mchangani, kisha akaibeba hadi barabarani.

Watu walimwamini sana. Kila mzigo aliufunga kitambaa chake. Mzigo wa mchuuzi mmoja, Ussumane, ulikuwa na kitambaa chekundu. Mzigo wa bibi mmoja wa Quionga ulikuwa na kitambaa cha maua. Hata kama mwenye mzigo alichelewa siku nzima, aliukuta kama alivyouacha. Mara nyingi mtu alikuja akamwomba amuuzie kidogo tu, mwenyewe hayupo, wataelezana baadaye. Bachir hakugombana naye. Alimwonyesha kitambaa, basi.

Mkewe Awa alilima mpunga na muhogo. Binti yao Nadia alikuwa na mume, mvuvi wa kisiwani Macaloe. Lakini mwaka huo Nadia alikuwa na mimba yake ya kwanza, kwa hiyo alirudi kukaa kwa mama yake, kama ilivyo desturi.

Mwaka huo huo ulikuwa wa kumchagua rais. Wagombea walikuwa watatu, na watu wa kijijini waliwapa majina ya kwao. Wa kwanza alizaliwa pwani, na alipopita mjini Palma aliwasalimu watu kwa Kiswahili. Huyo wakamwita Mwana wa Pwani. Wa pili alitoka mbali kusini, alisema Kireno kitupu na alivaa miwani mikubwa. Wakamwita Miwani. Wa tatu alikuwa mwanamke. Wakamwita Mama Kilemba.

Alasiri moja alikuja Rajabo, binamu yake Bachir. Rajabo alimfanyia kampeni Mwana wa Pwani. Alileta kapulana mpya, yaani kanga ya huko, na katikati ya kitambaa kile palikuwa na uso wa mgombea, mkubwa kama sinia. Walikaa barazani. Rajabo alisema kwamba safari hii wamepata mtu wao, mtu anayejua ladha ya pweza, na kwamba mtu wa pwani akimnyima kura mtu wa pwani atakuwa amejitukana mwenyewe.

Kisha akauliza, "Nyumba hii ina kura ngapi?"

"Tatu," akasema Bachir.

"Basi tuziweke zote tatu."

"Ziweke."

Wakainua mikono, wakasoma Fatiha, wakajipaka usoni. Rajabo akaondoka na furaha yake.

Awa alikuwa uani akipepeta mchele. Alisikia yote. Aliipokea kapulana kwa mikono miwili, akashukuru, akarudi kwenye ungo wake. Jioni mchuzi ulikuwa na chumvi nyingi. Bachir alisema chumvi imezidi. Awa alisema anajua.

Awa alikuwa na jambo lake. Miaka miwili nyuma, mdogo wake alishikwa na uchungu wa kuzaa wakati wa mvua. Kituo cha afya cha karibu hakikuwa na mkunga. Wakampakia kwenye pikipiki, dereva mbele, yeye katikati, na Awa nyuma akimshika. Mtoto alizaliwa njiani, kwenye tope, na hakulia. Sasa Nadia atajifungua mwezi wa kumi na mbili, na mwezi wa kumi na mbili mvua huwa zimeanza. Kama kuna kitu Awa alitaka kwa rais yeyote, alitaka mkunga karibu. Lakini kura yake ilikuwa imekwisha kuahidiwa, na hakuna aliyemuuliza. Hata kadi yake ya kura ilikuwa ndani ya sanduku la Bachir, pamoja na nyingine mbili.

Jirani yao alikuwa Joaquina, Mmakonde aliyehamia kutoka Diaca, huko bara. Alifundisha watu wazima kusoma, na mwaka huo alipata mafunzo ya kuwaeleza wananchi mambo ya uchaguzi. Watu walimwita mana Joaquina, yaani dada. Awa alikuwa mwanafunzi wake, na mwanafunzi mwenye bidii. Alijifunza kuandika jina lake kwa kijiti kwenye udongo wa shamba, akipumzika kulima.

Baada ya darasa, Awa alibaki. Aliuliza kwa sauti ndogo: kama mume ameahidi kura ya mke, na Fatiha imesomwa, je, mke anaweza kufanya nini?

Joaquina alifikiri. Alisema yeye ni Mkristo, habari za Fatiha hawezi kuzisemea. Lakini habari za kura anazijua. Kura ni ya mtu mmoja mmoja. Sheria haimjui mwenye nyumba, inamjua mwenye kadi. Tena inapigwa kwa siri, ndani ya kibanda, na hakuna mwenye haki ya kukuuliza umempa nani, awe mume, kiongozi au mwenye kugawa kapulana.

Awa alisema, "Sitaki kumficha mume wangu. Nataka ajue, na nyumba ibaki na amani."

Joaquina alimtazama kwa heshima. Akamwambia kesho atapita kuwasalimu.

Alipita kweli, na muhogo wa kuchoma kwenye bakuli. Yeye na Bachir walikuwa watani wa siku nyingi. Bachir alimkaribisha akimwonya asikae upande wa mtoni, maana watu wa bara wakiona maji ya magoti wanaandika wasia.

"Na nyinyi watu wa pwani mkiona jembe mnaumwa mgongo," akajibu Joaquina. "Muulize mkeo shamba lile amelilima na nani."

Walipokwisha kucheka, alisema amekuja na mchezo. Alikuwa na karatasi za ahadi, zile ambazo wagombea wenyewe walizitoa. Atawasomea maneno yao kwa Kiswahili, lakini majina atayaficha. Na kabla hajasoma, kila mmoja aseme kitu kimoja anachotaka rais afanye. Kimoja tu, kile kinachomuuma.

Bachir hakusita. Alisema mama mwenye ndoo mbili za samaki anatozwa na kusumbuliwa mpakani kama mwenye lori. Wengi wamechoka, hawavuki tena, na mchukuzi anakaa mchangani akihesabu kaa. Anataka wavukaji wadogo wapunguziwe mzigo.

Nadia alisema bado anafikiri. Joaquina akasema hilo nalo ni jibu zuri, siku bado zipo.

Kisha ikawa zamu ya Awa. Alikunja kitambaa cha kichwa, akakikunjua.

"Mkunga," akasema. "Nataka mkunga hapa. Nadia asipande pikipiki kama mdogo wangu."

Bachir akamgeukia Nadia. Alikuwa ameona tumbo la binti yake kila siku, na hakuwa amefikiri mbele zaidi ya jina la mtoto.

"Hukuniambia, mama Nadia."

"Hukuniuliza, baba Nadia. Rajabo alikuuliza wewe, ukajibu kwa watu watatu."

Joaquina akaanza kusoma, kama vile hakusikia. Mgombea mmoja alisema kwanza barabara na bandari, na fedha zitatoka katika ushuru, kwa hiyo mipakani kila mtu alipe sawa. Mwingine alisema mfanyabiashara mdogo avuke na karatasi moja tu na asitozwe kwa mzigo mdogo. Lakini hospitali mpya, alisema, zingoje mpaka nchi ipate nguvu. Wa mwisho alisema kwanza wakunga na wauguzi vijijini, walipwe kwa sehemu ya mapato ya gesi. Mambo ya mpakani yabaki kama yalivyo.

"Huyo wa pili," akasema Bachir. "Huyo ndiye mtu wangu. Nilijua Mwana wa Pwani hawezi kutusahau."

Joaquina aligeuza karatasi. "Huyo ni Miwani."

Nadia alicheka hadi muhogo ukampalia, mama yake akampiga mgongoni. Bachir aliomba asomewe tena. Akasomewa. Maneno yalikuwa yale yale, na yalikuwa ya Miwani. Mwana wa Pwani ndiye aliyetaka kila mtu alipe sawa.

Joaquina hakumdhihaki. Wala hakusema nani ni mzuri na nani ni mbaya. "Mtu anayetaka barabara kwanza, Mwana wa Pwani ni wake kweli," alisema. "Kusalimiwa kwa lugha yako kunafurahisha. Lakini salamu haikuambii atafanya nini. Unajua kwanza unachotaka wewe, halafu unatafuta nani amekisema."

Awa akauliza kama kukisema kunatosha. Joaquina alifurahi sana kwa swali hilo. Alisema hapana. Uliza fedha zitatoka wapi. Uliza alipokuwa na kazi nyingine, alifanya nini. Uliza pia kama jambo lenyewe ni la rais, maana kisima kilichoziba hakihitaji rais, kinahitaji kikao cha kijiji. Mama Kilemba, yule wa wakunga, kwa mfano, ametaja fedha, lakini hakusema itachukua miaka mingapi.

"Na kila mmoja ana alichokunyima," akaongeza.

"Nimesikia," akasema Awa. "Huyu wa wakunga hampi mume wangu chochote mpakani. Nimelisikia hilo pia."

Bachir alimtazama mkewe. Miaka yote alijua kwamba Awa ana mikono hodari. Siku hiyo aliona jinsi anavyopima jambo, hata lile lililomuumiza, upande huu na upande ule. Lakini alisema kwa uchungu, "Nimeshasoma Fatiha."

Joaquina alichukua bakuli lake, akaaga.

Asubuhi Bachir alikuwa mtoni. Mashua zilikuwa zimeshusha mchele. Mtu mmoja alisimama mbele ya mzigo wenye kitambaa cha maua, akaomba auziwe kilo chache, bibi mwenyewe hayupo, naye hatagundua.

"Mgongo ni wangu," akasema Bachir. "Mzigo ni wake. Nitauzaje?"

Yule mtu akaenda zake. Bachir alibaki amesimama. Alisikia maneno yake mwenyewe yanamrudia. Alikaa juu ya gunia akaangalia vitambaa vyake, kimoja baada ya kingine. Kisha akamwomba mwenzake Hamido amwangalizie mizigo, akarudi nyumbani mchana, jambo ambalo hakuzoea kulifanya.

Alifungua sanduku. Akatoa kadi tatu. Moja akaifunga kitambaa cha kijani, akampa Nadia. Nyingine akaifunga kitambaa cha maua mekundu, akampa Awa.

"Mzigo wako huu, mama Nadia. Nilitaka kuuza kitu cha mwenyewe, naye alikuwepo, anapepeta mchele."

Awa alifungua pindo la kapulana yake, pale anapofunga fedha, akaitia kadi na kuikaza kwa fundo. Jioni mchuzi ulikuwa mtamu.

Bachir alikwenda mwenyewe kwa Rajabo. Alimwambia kwamba aliahidi kura tatu na mbili hazikuwa zake. Ile ya tatu ataipiga ndani ya kibanda, naye asimuulize. Kuhusu Fatiha, alisema aliisoma kwa haraka, kabla hajajua anaahidi nini, na anamwomba Mungu amsamehe haraka yake. Rajabo alikasirika, akasema nyumba isiyo na sauti moja si nyumba. Awa alikuwa amekuja pia. Alimnyooshea ile kapulana, imefuliwa na kukunjwa vizuri.

"Pokea, shemeji. Nisije nikaonekana nimekula chako."

Rajabo aliitazama, akaona aibu. Hakuwa mtu mbaya. "Zawadi hairudi, shemeji. Vaa tu. Nilikupa kitambaa, sikununua kitu."

Siku ya kura walikwenda wote watatu. Katika foleni Nadia alimnong'oneza mama yake kwamba na yeye sasa anajua anachotaka. Awa hakumuuliza. Zamu yake ilipofika, alifungua fundo, akatoa kadi. Alipewa karatasi, akaingia kibandani peke yake. Alizitazama picha za wagombea polepole. Zote tatu alizijua, na kila moja alijua inasema nini. Akaweka alama kwenye kisanduku kimoja tu, kama alivyofundishwa, akaikunja karatasi, akaitumbukiza. Alitoka na wino kidoleni na kichwa juu. Bachir alikuwa anamngoja kwenye jua. Alitabasamu, akamuuliza tu kama amesikia kiu.

Rais akapatikana, mmoja wa wale watatu. Katika nyumba ya Bachir wengine walifurahi na wengine hawakufurahi, na chakula kikaliwa katika sinia moja. Mkunga hakuletwa mwezi ule. Lakini Bachir alikuwa amekwisha kusikia kinachomuuma mkewe, na hakutaka kungoja rais yeyote. Mvua zilipokaribia, alimpeleka Nadia Palma, kwenye nyumba ambamo wajawazito husubiri siku zao karibu na hospitali. Nadia alijifungua huko, mikononi mwa mkunga. Mtoto wa kike. Alilia sana. Awa alipokisikia kilio kile alikaa chini na yeye akalia.

Na kikao cha kijiji kilipoitwa, ni Awa aliyesimama mbele ya viongozi. Aliwakumbusha, neno kwa neno, rais aliyeshinda aliahidi nini kuhusu wakunga na nini hakuahidi, akawataka wapeleke swali la kijiji kwa wakubwa. Tangu siku hiyo, kila kikao huulizwa kwanza kama jibu limerudi. Anayeuliza zaidi ni Bachir.

Rajabo alikuja kumwona mtoto. Alimkuta amelala, amefunikwa ile kapulana, shavu lake juu ya pua ya Mwana wa Pwani. Alifurahi mno. Akamvuta Bachir pembeni, akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli, kumbe mama Nadia alimpigia kura mtu wao.

"Sijui," akasema Bachir. "Mzigo ni wake. Sikuufungua."