Vidole Kwenye Breki

Skuta ya Sabdio ilinguruma katikati ya soko la maziwa bila kusonga, na wauza miraa wakapiga makofi.

"Inalia kama ngamia mwenye jino bovu!"

Sabdio, dera lake la manjano limefungwa fundo juu ya suruali, madumu ya maziwa ubavuni, akazidi kuvuta mafuta. Kijana mrefu wa ovaroli akaweka kikombe cha chai chini.

"Dada, zima. Unaipika."

"Nitaipikaje bila sufuria?"

"Klachi, bibie. Inanuka mpaka hapa."

Ndivyo alivyokutana na Dadacha, fundi wa nyuma ya stendi, na sisi tuliokuwepo tukaanza siku hiyohiyo kupanga harusi yao.

Dadacha alifungua kifuniko cha ubavuni, akatoa pedi za klachi. Ziling'aa kama kioo.

"Si basi ni mpya?"

"Zimeungua, ndiyo maana zinang'aa. Zikilainika hivi zinateleza, hazishiki." Akazisugua kwa msasa mpaka zikakwaruza kidole, akasugua na bakuli linalozizunguka kwa ndani, akafuta vumbi.

Wiki mbili baadaye ziling'aa tena. Kisha tena. Kufikia hapo simu zilikuwa za kila jioni.

"Umekula, fundi wangu?"

"Nimekula vumbi la skuta yako, roho yangu. Tamu."

Lakini Abiba, muuza chai anayeuza na maneno, akamvuta Sabdio pembeni. "Mwanangu, klachi gani ya kuharibika kila siku? Anaiharibu ili akuone!"

Sabdio akawaka. Akafika gereji bila hata salamu.

"Unaniharibia skuta?"

"Mimi? Walai, hii inaunguzwa na mtu anayevuta mafuta huku amefinya breki. Wewe unashika zote mbili." Dadacha akashusha sauti. "Sabdio, njia ya Kipsing, unakochukua maziwa, kuna nini? Unaogopa nini huko?"

Uso wa Sabdio ukajifunga. Pale luga, ule mto mkavu wa mchanga, risasi za wezi wa mifugo zilimpata kaka yake Umuro mguuni. Tangu hapo huvuka hivyo, nusu akienda, nusu akisimama. Hakuna aliyejua kwamba anaogopa. Mama yake akijua, safari za maziwa zimekwisha.

"Nani kakwambia naogopa?" Akanyakua ufunguo, akaondoka kabla msasa haujagusa klachi. Simu za Dadacha hakupokea tena.

Alhamisi alasiri, madumu yakiwa yamejaa, skuta ikanguruma mchangani pale luga na kukwama. Ng'ambo ya migunga, bunduki: pa! Pa! Akapiga simu. Si kwa mama.

"Dadacha."

"Zima hiyo injini."

"Nikizima nitafia hapa!"

"Ukizidi kuvuta haitatoka kabisa. Iache ipoe. Uko wapi?"

"Luga. Wanapiga risasi." Alinong'ona.

"Lala nyuma ya ukingo. Nakuja."

"Usije! Watakuua!"

"Naogopa, Sabdio. Lakini nakuja."

Akasikia pikipiki ikiwashwa, kisha mtandao ukakatika.

Alilala kifudifudi, mchanga mdomoni, akisoma kila dua aliyofundishwa. Mlio mwingine, karibu zaidi. Akatambaa, akamwaga maziwa yote ili skuta iwe nyepesi, mchanga ukayanywa. Akagusa kifuniko cha klachi. Sasa mkono ulivumilia joto lake.

Akawasha. Vidole vilikuwa tayari vimeng'ang'ania breki vyenyewe. Akavibandua kimoja kimoja, akavuta mafuta kidogo, kidogo sana. Klachi ikateleza, ikashika. Skuta ikatambaa mpaka juu ya ukingo, ikaingia barabarani.

Huko mbele, vumbi. Dadacha, juu ya boda ya kuazima, kiganjani bado kafumbata kipande cha msasa. Wala hawakusimama; aligeuza boda ubavuni mwake, wakakimbia sambamba mpaka lami.

Hapo Sabdio akacheka na kulia pamoja. "Ulikuja kupigana kwa msasa?"

"Ndio niliokuwa nao mkononi ulipopiga."

Akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Mama atauliza maziwa."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba naiogopa ile luga. Akichukua skuta, achukue." Akakung'uta mchanga derani. "Na kwamba wazee wenu wanakuja kwetu na kahawa ya posa."

Dadacha akaduwaa. "Nani kakwambia wanakuja?"

"Klachi. Leo imeshika."