Makofi Yanayongoja Jibu

Kila asubuhi kabla ya shule nilipanga vitenge dukani kwetu, sokoni Kasulu, huku mama akipokea wateja pamoja na habari za mji mzima. Nani kahama, nani kaposwa, zote zilipitia kwetu. Nje, vijana wa stendi walichana mistari kwa mtindo wao mpya, makofi. Hawakuwa na ngoma. Walipiga makofi yale ya salamu ya Waha, wakaanza na "Mwidiwe!", kisha wakamtania mtu kwa jina, mbio mbio kama mvua juu ya bati.

"Salamu yetu wameigeuza matusi!" wazee walilalamika. Sisi watoto tuliupenda mtindo huo kupita kiasi.

Siku moja nilimsikia mteja akimnong'oneza mama kwamba unga wa muhogo wa Bibi Ntirampeba ni mweupe mno, labda anachanganya na chaki. Mimi ile "labda" niliiacha palepale dukani. Jioni nikachana:

"Mwidiwe Bibi, unga unang'aa!
Muhogo kidogo, chaki imejaa!"

Tharsisi, ninayesoma naye darasa la sita, akanirekodi kwa simu ya kaka yake. "Shadia, umeua!" akapiga kelele. Kufikia Jumamosi wimbo ulikuwa umefika hadi kijiji cha Nyakitonto.

Bibi Ntirampeba aliuzia mbele ya duka letu. Jumatatu hakuuza hata kibaba. Watu walipita wakicheka na kumpigia makofi. Jumatano nilipotoka shule nikamkuta anakunja turubai.

"Narudi kijijini Kagerankanda," alimwambia mama. "Ada na madaftari ya wajukuu, sijui nitavipata wapi."

"Mama, wimbo ule ni wangu," nikasema.

Mama akaishusha mita yake ya kupimia vitambaa. Nilingoja kofi, halikuja. "Na mimi niliusikia umbeya ule nikanyamaza," alisema. "Toka nje. Mtengenezee jina lake kwa mdomo uleule uliolichafua."

Soko lilikuwa limejaa. Nikapiga magoti mbele ya Bibi, nikapiga makofi:

"Mwidiwe Bibi, unga unang'aa!
Mwongo ni mimi, aibu imenijaa!"

Bibi alinitazama tu. Vijana wa stendi wakaacha kutafuna miwa. Nilitaka kukimbia, lakini niliendelea kupiga makofi, taratibu, nikingoja. Viganja vilianza kuwaka moto.

Mwishowe naye akapiga makofi. "Mwidiwe, mwana wanje," aliitikia, akiniita mwanangu. Soko zima likapumua.

"Unga wangu ni mweupe kwa sababu namenya vizuri na kuanika mahali safi," alisema. "Leteni sufuria muonje!"

Mama akaleta sufuria na mkaa, jirani akaleta dagaa. Ugali ule ulikuwa mweupe, laini, mtamu. Tulikula mpaka Tharsisi akalamba mwiko. Watu wakanunua, unga ukaisha kabla ya jua kuzama.

"Sichukii muziki wenu," Bibi aliwaambia vijana huku akinawa. "Lakini salamu humngoja wa pili aitikie. Ukimsema mtu, mseme mbele yake, useme unalolijua, halafu umpe nafasi ya kujibu. Bila hivyo ni kumpiga tu."

Tangu siku hiyo, kijiweni pa stendi hatajwi mtu asiyekuwepo. Na mimi, kila asubuhi nikifungua duka, naanza na Bibi Ntirampeba. Napiga makofi, nangoja. Namshukuru Mungu kwamba bado yupo pale, na bado ananiitikia.