Damu ya Binamu

Saa nne asubuhi soko la mji wa Chinandega lilikuwa limefurika. Yahaira, blauzi ya manjano na hereni za duara, alikuwa akipanga viatu mezani pale kijana mrefu, shati limenyooshwa pasi, aliposimama mbele yake na boksi mkononi.

"Dada, hivi nilivinunua hapa juzi kwa mama mmoja. Asubuhi vinanienea, jioni vinanibana."

"Mama yangu huyo. Na viatu vyake havijawahi kusinyaa, kaka. Labda wewe ndiye unayenenepa."

Kijana akacheka. Aliitwa Eliécer, mkata miwa kutoka Chichigalpa, mji jirani. Alibadilishiwa viatu, kesho yake akarudi kununua soksi, keshokutwa yake kamba za viatu, mpaka mama yake Yahaira akauliza huyu bwana ana miguu mingapi. Kufikia Agosti walikuwa wapenzi, ila hakuna aliyekuwa ametamka neno ndoa.

Mapenzi yao yalikuwa matamu, nami sitayapunguza. Lakini Yahaira ana macho. Aliona kwamba jioni Eliécer akivua soksi, alama ya mpira hubaki imezama kwenye kifundo cha mguu. Akikibonyeza kwa kidole, kishimo hakifutiki upesi. Chakula alikisukuma pembeni, akisema mdomo una ladha ya chuma. Na kila mgongo ulipomuuma, alimeza vidonge vya maumivu kama karanga.

"Nenda ukapimwe, mpenzi."

"Ni joto tu, mama. Shambani jua halina huruma, na maji ya kunywa yako mbali."

Oktoba ilipofika akaanza kukwepa. Jumamosi waliyopanga kwenda dansi hakutokea. Yahaira akapiga simu.

"Uko na nani?"

"Niko na kitanda. Nimechoka, Yahaira. Nimechoka tu."

"Hicho kitanda kina jina? Kinavaa gauni?"

Alikata simu akalia kwa hasira, akiwa na hakika kuna mwanamke mwingine. Angalau mwanamke angeweza kumvuta nywele; kitanda hakina nywele.

Novemba ndipo kiwanda cha sukari hupima damu za wakataji kabla ya msimu. Chichigalpa watu huuita ugonjwa wa figo unaowaua wakata miwa kwa jina la kipimo chake cha damu, kreatinini: ikipanda, figo hazichuji tena vizuri, na kazi hupewi. Eliécer alimpigia kwa sauti ya furaha.

"Nimepita! Msimu huu nakata, na ukiisha nakuoa."

Yahaira alisamehe yote palepale. Alicheza peke yake katikati ya viatu.

Siku mbili baadaye Wilmer, binamu yake Eliécer, fundi baiskeli, alipita mezani kwake na plasta kwenye kiwiko.

"Shemeji, harusi ikifika nipe sahani ya kwanza. Damu iliyompitisha mumeo ni yangu. Nilienda na kitambulisho chake, tunafanana pua. Watu wote hufanya hivyo."

Yahaira aliketi juu ya boksi. Baba yake Eliécer alikufa kwa ugonjwa huo, kaka yake pia, wote wakataji. Akachukua simu, akampigia.

"Kumbe ulikuwa unajua."

"Nilihisi. Mkojo unatoa povu, usiku naamka mara nne. Ningepimwa mimi, wangenifukuza. Bila msimu nitakuoa na nini?"

"Unioe ukiwa hai, inatosha! Mtaani kwenu wajane wamejaa, Eliécer. Usinipeleke kujiunga nao kwa kuwa unaogopa kupimwa. Usinipigie tena mpaka damu iwe yako."

Wiki mbili hakupiga. Yahaira aliuza viatu bila kutania mtu, na wateja waliliona hilo.

Jumatano moja akaja, amekonda, karatasi ya zahanati mkononi. Hakuketi.

"Hii ni yangu. Kreatinini mbili nukta moja, juu kuliko kawaida. Daktari amesema figo zimeharibika lakini hazijafa. Niache vidonge vile, nipunguze chumvi, nipimwe presha, nirudi kila miezi mitatu. Na nisikate miwa tena maishani. Kiwandani nimewaambia ukweli, jina limefutwa. Wilmer atanifundisha kutengeneza baiskeli. Nimekuja kukuacha huru, Yahaira. Hawajui nimebakiza miaka mingapi."

Yahaira aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye mkoba wake.

"Mama yako Jumapili anarudi kutoka kanisani saa ngapi?"

"Saa tano. Kwa nini?"

"Nakuja kukuposa."

"Mwanamke haposi, wewe."

"Basi kaa nyumbani uone."

"Yahaira, hukunisikia? Miaka..."

"Nimekusikia," alisema, akimvuta mkono aketi. "Sikukuuliza ni mingapi. Naitaka yote."