Mizani Iliyobembelezwa

Kila siku akitoka shule, Chiriku alivua sare akaitundika msumarini, akanawa mikono mpaka viwiko, kisha akaenda karakana ya shangazi yake nyuma ya nyumba na kukaa kwenye kigoda karibu na dirisha. Jina lake halisi lilitumika darasani tu. Nyumbani na mtaani aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Shangazi alikuwa fundi wa marimba. Alichonga vibao, akavigonga kimoja kimoja, akavisikiliza huku amefumba jicho, utadhani kusikia ni kazi ya macho. Kazi ya Chiriku, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, ilikuwa vigongo, yaani vile vijiti vya kupigia. Kila kigongo kina kichwa: gololi ya mpira iliyozungushiwa uzi wa sufu, raundi juu ya raundi, mpaka inenepe kama limau dogo. Vigongo hutumika viwili viwili, kimoja kila mkono, na vichwa vya jozi lazima vilingane uzito. Visipolingana, mkono mmoja unachelewa, mwingine unakimbia, na wimbo unachechemea.

Jumatatu hiyo hata raundi kumi hakuwa amefikisha, mlango ukasukumwa. Aliingia Radi, msichana wa darasa lake aliyepiga marimba katika bendi ya shule.

“Hodi, shangazi. Shikamoo. Nimevirudisha,” alisema, akaweka vigongo viwili mezani.

“Tena?” Chiriku aliruka. “Hiyo ni jozi ya tatu!”

“Cha kulia kizito. Nikipiga haraka kinanivuta kama mtoto aliyeona pipi dukani.”

“Labda mkono wako ndio mzito. Ulikula nini mchana?”

“Mkono wangu usiutaje. Vigongo vyako ndivyo vinavyolewalewa.”

Shangazi alivichukua, akaweka kimoja kila kiganja, akavipandisha na kuvishusha. “Radi hasemi uongo,” akasema.

“Lakini nilipima, shangazi! Kwa mizani ya jikoni. Mshale ulisimama palepale, gramu thelathini, kile na hiki.”

Radi alicheka. “Ile ya unga? Mshale wake mnene kama njiti ya kiberiti! Gramu tatu zinaweza kujificha chini yake, zikalala na kukoroma.”

Ni kweli, mistari ya mizani ile iliachana gramu kumi kumi.

“Sikiliza,” alisema Shangazi. “Jumamosi bendi yenu inashindana, na mwalimu wenu anataka jozi nne. Mizani ya unga iache na unga wake. Tafuta mizani ya kweli. Na nakuambia mapema usije ukaninunia: jozi nyingine ikirudi, vichwa nitavifunga mwenyewe, wewe utarudi kwenye msasa.”

Msasa! Chiriku alikuwa amesugua mbao kwa msasa mwaka mzima, vumbi puani, vidole vimekwaruzika. Vichwa vya vigongo vilikuwa kazi yake ya kwanza ya kujivunia, na shule nzima ilishaisikia habari hiyo, maana aliitangaza mwenyewe.

Jioni kaka yake alirudi kazini na kijimizani cha umeme kinachoingia mfukoni.

“Kuna mwenzangu kanipa. Hakitaki tena.”

“Kwa nini hakitaki?”

“Sijui. Hakusema.”

Chiriku hakuuliza zaidi, kwa sababu kioo kilikuwa kimeshawaka. Aliweka kichwa kimoja juu yake. Tarakimu zikakimbizana, zikatulia: 31.42. Si gramu tu, na vipande vya gramu! Alihisi amekabidhiwa ufunguo wa maabara. Akaamua vichwa vyote vinane vitakuwa na uzito huohuo, kisha tuone Radi atasema nini.

Jumanne ndipo kero zilipoanza. Kichwa cha pili kilisoma 33.10. Akapunguza uzi, kikasoma 30.95. Akaongeza, 32.60. Akapunguza tena nusu raundi, mizani ikasema 33.02, kana kwamba uzi ulikuwa unazaana. Akakipima tena kile cha kwanza, ambacho hakuna aliyekigusa. 32.07.

“Wewe!” aliikemea mizani. “Jana ulisemaje?”

Alifunga dirisha ili upepo usiingie. Alihamisha meza. Alibadilisha betri. Alifunga na kufungua uzi mpaka ukaota manyoya. Kufikia jioni kichwa kilimuuma, na alikuwa hajaandika hata namba moja daftarini.

Jumatano akagundua njia. Ukikiinua kichwa na kukirudisha, namba hubadilika. Ukikisogeza pembeni kidogo, hubadilika. Ukiizima mizani na kuiwasha, hubadilika pia. Basi akawa anainua, anarudisha, anasogeza, anazima, anawasha, mpaka kioo kinaonyesha 31.42. Hapo hapo huandika upesi kabla mizani haijabadilisha mawazo. Kichwa kimoja kilikubali mara ya tatu. Kingine kilikubali mara ya kumi na tatu.

Moyoni alijua kuna kitu hakikai sawa, lakini alikuwa amechoka. Tena namba ilikuwa pale kwenye kioo, hakuitunga. Imesema yenyewe, alijiambia. Mimi naandika tu.

Alhamisi alimpelekea Shangazi vichwa vinane na daftari. Shangazi alivaa miwani, akasoma ukurasa taratibu, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

“Thelathini na moja nukta nne mbili. Thelathini na moja nukta nne mbili. Ah. Na hiki pia?” Alivua miwani. “Vichwa vinane, uzi umezungushwa kwa mkono, na vyote sawa mpaka kipande cha mwisho. Hata mapacha hawafanani hivi. Hebu kipime hiki nione.”

Chiriku alikiweka. 32.61.

“Ngoja, shangazi, huwa inachelewa kuzoea.” Akakiinua, akakirudisha. 30.88. Akakisogeza. Masikio yake yalikuwa yamepata moto.

“Inachelewa kuzoea nini? Imekuwa bibi harusi?”

“Mizani hii mbovu!” Chiriku alilipuka, machozi ya hasira yakimlengalenga.

“Ni mbovu tangu lini?”

“Tangu Jumanne.”

“Na wewe umejua tangu lini?”

Chiriku alitazama vumbi la mbao sakafuni.

“Tangu Jumanne,” akasema.

Shangazi aliweka daftari mezani, bila kulirusha, na hilo lilimuuma Chiriku kuliko kama angelirusha. “Basi hukupima, mwanangu. Ulibembeleza. Ulikaa na mizani ukaibembeleza mpaka ikakuambia unachotaka. Mtoto wa watu angepanda jukwaani Jumamosi na vigongo vya kubembelezwa.”

“Sasa nitajuaje mizani ipi ni nzuri? Ile haioni kitu, hii inaona kila kitu halafu inasahau!”

“Mimi sijui,” alisema Shangazi bila aibu. “Mizani yangu ni viganja hivi, na vikichoka navyo vinadanganya. Kamuulize mtu anayepima vitu vidogo kuliko vyako.”

Mtu huyo alikuwa sonara wa mtaa wa tatu. Duka lake lilikuwa jembamba, na mwenyewe alikuwa mwembamba ndani yake, ameinamia pete kwa miwani ya jicho moja.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Ukisimama hapo unanizibia mwanga.”

Chiriku alisogea, akamweleza mkasa wote, hata mara zile kumi na tatu. Ilimchukua muda. Sonara alisikiliza bila kuacha kusugua pete.

“Mizani haichaguliwi kwa wingi wa tarakimu,” alisema mwishowe. “Ipe kitu ambacho uzito wake unaujua. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Ikikupa habari tatu kuhusu kitu kimoja, hiyo ni mmbea, si mizani.”

Alitoa kijiwe cha shaba cha gramu ishirini, akakiweka kwenye kijimizani cha Chiriku. 20.61. Akakiinua, akakirudisha. 19.74. Tena. 20.38.

“Mmbea,” alisema sonara.

“Basi, mzee, naomba nipimie kwa hiyo yako.” Chiriku alinyoosha kidole kwenye mizani iliyong’aa ndani ya kisanduku cha kioo.

“Hiyo inapima mpaka gramu ishirini. Vichwa vyako vina thelathini na ushee. Ukiviweka humo utaivunja mgongo.” Aliona uso wa msichana ukianguka, akaguna. “Umekuja kutafuta namba au kutafuta usawa?”

Chiriku alifikiri. “Usawa, mzee. Kila jozi ilingane.”

Sonara aliinama chini ya meza, akatoa mizani ya zamani ya vitanga viwili, imejaa vumbi, haina kioo wala tarakimu. Aliipangusa. Vitanga vilipokuwa vitupu vilisimama sawasawa. Akaweka kijiwe cha ishirini kila upande, vikasimama sawa. Akabadilisha vijiwe, cha kushoto kulia na cha kulia kushoto. Sawa tena. Kisha akaongeza vipande viwili vidogo vya waya upande mmoja, na kitanga kile kikashuka taratibu.

“Umeona? Haisahau, na kitu kidogo inakiona. Ichukue mpaka Jumatatu. Irudi bila vumbi.”

Jioni hiyo Chiriku aliweka jozi ya kwanza kwenye vitanga. Kimoja kilizama puu. Jozi ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile. Ya nne ndiyo peke yake iliyosimama, na hiyo nayo kwa bahati. Alitamani kulia. Alitamani kurusha uzi wote barabarani. Badala yake alikata fundo la kichwa cha kwanza, akaanza kufungua raundi moja moja, akinung’unika mpaka Shangazi akamwomba anung’unike kimoyomoyo.

Ijumaa, jua lilipoanza kulegea, Radi alikuja mwenyewe. “Ziko wapi jozi zangu nne?”

“Tatu ziko tayari na vijiti vyake. Moja iliyobaki, kichwa kimoja bado kinazidi kidogo. Ningeweza kukupa na usingejua leo, ungejua kesho.” Chiriku alimwonyesha daftari. Ukurasa wa zamani ulikuwa umepigwa mstari, na mpya ulijaa maneno mafupi: bado, bado, punguza raundi mbili, bado, sawa.

“Mwandiko wa kuku,” alisema Radi, lakini alichukua jozi moja akaenda kwenye marimba. Alianza polepole, akaongeza mwendo, mikono ikawa haionekani. Chiriku aliacha uzi, akashikilia ukingo wa meza. Wimbo ulikimbia mpaka mwisho bila kujikwaa.

“Kipi ni kile kizito?” aliuliza Chiriku.

Radi alitazama mkono wa kulia, akatazama wa kushoto, akavipima vigongo hewani. “Hata sijui,” alisema. “Sikuvisikia kabisa. Nilisikia wimbo tu.”

Shangazi alizima tabasamu lake kwa kukohoa. Akavuta kigoda, akakaa karibu na Chiriku.

“Kosa halikuwa kupata mizani mbovu, mwanangu. Hilo lingempata yeyote. Kosa ni kwamba uliona inasema mambo tofauti, ukachagua lile lililokufurahisha. Kifaa cha kupimia kijaribu kwanza kwa kitu unachokijua, kabla hujakiuliza usichokijua. Kikishapita jaribio, likubali jibu lake hata likikuudhi. Na ukiona kinayumba, sema siku ileile, hata kama umechoka. Hasa kama umechoka.”

“Kwa hiyo sirudi kwenye msasa?”

“Ukiendelea kuuliza, utarudi. Lete hicho kichwa.”

Chiriku alikiweka kitangani. Kilishuka kidogo. Aliguna, akakishika, akafungua nusu raundi ya uzi, na kukirudisha mara moja tu.