Saa ya Mpiga Mbizi

Ukumbi wa mnada wa saa ulifurika watu. Daktari wa meno, gauni la kijani na miwani kaipandisha kichwani, alikuwa akipenya kati ya meza ndipo alipoiona mkononi mwa mwanamume aliyekuwa akichagua mkanda: saa nzito ya chuma, uso mweusi, moja kati ya chache zilizotengenezewa wapiga mbizi wa jeshi la majini. Alikuwa akikusanya saa hizo kwa miaka. Hii aliijua pichani tu.

"Samahani, naomba mkono wako."

"Hata salamu bado, unataka mkono?"

"Saa, kaka. Unaiuza?"

"Saa siuzi. Chai nanunua."

Alikuwa fundi wa lifti, mpole, mwenye kicheko cha chinichini. Chai ikazaa chai, na Daktari akajikuta anasubiri simu kama msichana wa shule.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimeshinda kwenye vinywa vya watu, hamu ya kula itoke wapi?"

Lakini saa ile haikumtoka Fundi mkononi, aoge, alale. Na kila jioni simu ilipolia, alitoka nje kuipokea. Siku moja Daktari alimnyatia, amzibe macho kwa utani. Akamkuta ameibandika simu kwenye saa.

"Unasikia?" Fundi alinong'ona. "Inatembea. Yupo hapa nami."

Daktari alishusha mikono. "Nani yupo?"

Fundi alikata simu. "Mke wangu," alisema.

Daktari alichukua mkoba wake akaondoka. Alipopigiwa hakupokea.

Wiki haikuisha, mama mmoja mwembamba akaingia kliniki, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, asifungue kinywa kukaguliwa.

"Jino haliniumi, mwanangu. Ninayempigia Fundi ni mimi. Binti yangu, mkewe, alikuwa mpiga mbizi wa jeshi. Walioshuka kumtafuta waliipata saa, yeye hawakumpata. Sina kaburi. Nikiisikia ile saa, napata usingizi."

"Mbona hukumwomba akupe?"

"Ningekuwa namnyang'anya mke. Lakini sasa Fundi hali, halali, kwa ajili yako. Mlete. Aje nayo."

Jioni hiyo Daktari alimpigia Fundi, wakaenda pamoja. Chumbani kwa mama, sare ya kijeshi iliyopigwa pasi ilining'inia mlangoni, kama ya mtu wa zamu ya kesho. Fundi alijaribu kufungua mkanda, vidole vikakataa. Daktari akamfungulia. Aliigeuza saa, akaiona mgongoni mwake nambari ya jeshi aliyoitafuta miaka yote ya kukusanya saa. Aliifumbata kidogo. Kisha akaiweka kiganjani mwa mama.

Mama aliipeleka sikioni, akafumba macho.

"Karibu ndani, mwanangu," alisema taratibu.

Hakuwa akisema nao. Fundi aligeuka kutazama mlango. Sare ilikuwa inacheza polepole, na dirisha limefungwa.

Walishuka ngazi hadi barabarani.

"Mkono mwepesi mno," Fundi alisema. "Naona kama nimemtelekeza."

"Yuko kwa mama yake."

Walitembea. Kwenye taa za barabarani Fundi alisimama. "Nikikuposa leo, utanikubali?"

Daktari alitazama nyuma yao, kisha akamshika mkono.

"Leo bado tuko watatu, mpenzi. Nipose tukibaki wawili."